Ansel Adams: Jioni ya mwezi na wenzake wa safari

Wasikilizaji wetu wengi mmekutana na jambo hili. Ni jioni, mwezi umechomoza juu ya kilima, unapendeza kweli. Unatoa simu mfukoni, unapiga picha, kisha ukiitazama unakuta kitone cheupe tu katikati ya giza. Mwezi uliouona kwa macho haumo.

Leo tunawaletea maisha ya mtu aliyekutana na mwezi wa namna hiyo kando ya barabara mwaka 1941. Hakuwa na simu. Alikuwa na kamera kubwa ya stendi, na muda mfupi sana kabla jua halijazama. Picha aliyoipata imekuwa miongoni mwa picha za mandhari zinazojulikana zaidi duniani. Jina lake ni Ansel Adams, Mmarekani aliyefariki mwaka 1984.

Watu wengi humfikiria kama mzee mwenye ndevu aliyesimama peke yake mlimani. Ukifuatilia maisha yake unaona jambo jingine. Picha zake kubwa nyingi alizipiga akiwa safarini na watu wengine: marafiki, mkewe, mwanawe, na watu waliopenda milima na kamera kama yeye. Ndiyo maana tumeamua kusimulia maisha yake kwa kupitia safari hizo.

Mtoto asiyetulia darasani

Ansel Adams alizaliwa tarehe 20 Februari 1902 katika jiji la San Francisco, pwani ya magharibi ya Marekani. Alikuwa mtoto pekee wa Charles na Olive Adams. Alipokuwa na miaka 4, mwezi Aprili 1906, tetemeko kubwa la ardhi liliharibu sehemu kubwa ya jiji hilo. Nyumba yao ilinusurika, lakini saa chache baadaye ardhi ilitikisika tena, mtoto akarushwa kwenye ukuta wa bustani na kuvunjika pua. Pua hiyo ilibaki imepinda hadi mwisho wa maisha yake.

Familia ilikuwa na mali iliyotokana na biashara ya mbao, lakini mali hiyo ikayeyuka, na baba akabaki na kazi ya kudai maisha tu. Mtoto naye hakuweza kutulia darasani. Baba yake hakumchapa wala kumkatia tamaa. Alimtoa shuleni akiwa na miaka 12 hivi, akamfundisha nyumbani kwa msaada wa walimu wa kulipwa na shangazi wa mtoto. Mwaka 1915 San Francisco ilipokuwa na maonyesho makubwa ya kimataifa, alimkatia tiketi ya mwaka mzima, na maonyesho hayo yakawa ndiyo shule yake.

Katika umri huohuo kijana alianza kujifundisha piano. Hapo utulivu uliokosekana darasani ukapatikana. Alifanya mazoezi kwa saa nyingi kila siku, na nyumbani wakaanza kuamini kwamba atakuwa mpiga piano wa kazi.

Bonde la Yosemite

Mwaka 1916, akiwa na miaka 14, aliwashawishi wazazi wampeleke Yosemite, bonde lenye kuta za miamba mirefu na maporomoko ya maji katika milima ya Sierra Nevada, jimbo la California. Huko wazazi walimpa kamera yake ya kwanza, Kodak Brownie, kisanduku kidogo kilichotengenezwa kwa ajili ya watu wa kawaida. Tangu mwaka huo, hakuna mwaka uliopita bila Ansel Adams kurudi Yosemite, mpaka alipokufa.

Mwaka 1919 alijiunga na Sierra Club, chama cha wapenda milima kinachotetea hifadhi ya mazingira. Mwaka uliofuata alipata kazi ya kuangalia nyumba ya chama hicho bondeni wakati wa kiangazi, kazi aliyoifanya kwa miaka 4. Kwa kuwa alihitaji piano ya kufanyia mazoezi, alielekezwa kwenye studio ya mchoraji Harry Best, aliyekuwa nayo. Mchoraji huyo alikuwa na binti aitwaye Virginia. Vijana hao walifunga ndoa tarehe 2 Januari 1928, hukohuko Yosemite.

Kundi la milimani

Sierra Club ilikuwa na desturi ya safari kubwa ya kila mwaka. Watu wapatao 200 waliingia milimani kwa takriban wiki 4, nyumbu wakibeba mizigo na chakula. Walikuwamo walimu, mawakili, wanafunzi na wanamuziki. Mchana walitembea na kupanda vilele, usiku waliota moto, wakaimba na kuigiza.

Katika safari ya mwaka 1923 Adams alishikana urafiki na Cedric Wright, mpiga fidla aliyemzidi miaka 12 na zaidi. Wote wawili walikuwa wanamuziki, na wote walikuwa wanabeba kamera kwa mapenzi tu. Jina hilo la Cedric Wright mliweke akilini, maana tutakutana nalo tena.

Baadaye Adams akawa mpiga picha wa safari hizo. Wenzake waliporudi mjini waliagiza nakala za picha zake, kwa hiyo watazamaji wake wa kwanza walikuwa watu waliotembea naye njia ileile. Mtu kama huyo huwezi kumdanganya kwa picha. Anaujua mlima ule, na anajua mwanga ulikuwaje asubuhi ile.

Kioo kimoja kilichobaki

Tarehe 10 Aprili 1927 Adams alitoka na wenzake wanne, miongoni mwao Virginia na Cedric Wright, kupanda mahali panapotazamana na uso wa mwamba uitwao Half Dome. Theluji ilikuwa bado haijayeyuka. Mgongoni alibeba kamera, stendi nzito ya mbao na vioo 12. Wakati huo picha ilinaswa kwenye kioo kilichopakwa dawa, kioo kimoja kwa picha moja. Ukivimaliza umemaliza, hadi urudi nyumbani.

Njiani alipiga huku na kule, vingine vikaharibika. Alipofika alipokusudia, vilibaki viwili tu. Wakangoja hadi jua lilipoanza kuangaza uso wa mwamba. Adams akaweka filta ya njano mbele ya lenzi, akapiga. Mara tu alipomaliza akatambua kwamba picha ile itaonyesha mwamba, lakini haitaonyesha ule uzito aliousikia moyoni alipoutazama. Anga ingekuwa nyepesi mno. Kikabaki kioo kimoja. Akabadilisha filta, akaweka nyekundu, ambayo huifanya anga ya buluu kutoka nyeusi katika picha isiyo na rangi. Akapiga mara ya mwisho.

Kioo hicho cha mwisho ndicho kilichompa jina. Tangu siku hiyo alishika kanuni moja: kuiona picha akilini ilivyotakiwa kuwa imekamilika, kabla ya kugusa kamera. Alikuwa na miaka 25.

Hata hivyo bado alisita kati ya piano na kamera. Mwaka 1930, alipokuwa Taos katika jimbo la New Mexico, mpiga picha Paul Strand alimwonyesha filamu zake. Adams aliziangalia akafanya uamuzi: kamera ndiyo itakuwa kazi. Mama na shangazi yake hawakupendezwa. Walikuwa wameona miaka mingi ya mazoezi ya piano. Lakini nidhamu ile ya piano haikupotea, kama tutakavyoona.

Majira ya majani kupukutika

Sisi huku, miezi ya Oktoba na Novemba tunaangalia mawingu na kungoja mvua za vuli. Huko Marekani miezi hiyohiyo ni majira ya majani kupukutika. Joto la kiangazi limekwisha, mchana unapungua, na miti mingi inageuza majani kuwa ya njano au mekundu kabla hayajaanguka. Jua hupita chini zaidi angani, vivuli vinakuwa virefu. Kwa wapenda picha za mandhari ni wakati wa kufunga mizigo na kuingia barabarani, maana mavuno ni mengi na muda ni mfupi. Upepo wa usiku mmoja unaweza kuacha mti mtupu.

Adams alisafiri mara nyingi katika majira hayo. Mwaka 1937 alikuwa New Mexico na Arizona pamoja na marafiki kadhaa, akiwamo mchoraji maarufu Georgia O'Keeffe. Aliyewaongoza njia alikuwa Orville Cox, mtunza farasi wa ranchi waliyofikia. Siku moja, ukingoni mwa bonde liitwalo Canyon de Chelly, Adams aliwapiga picha O'Keeffe na Cox wakiwa wamesimama, anga la mawingu nyuma yao, mama huyo akimtazama Cox kwa jicho la pembeni lenye utani. Alitumia kamera ndogo ya mkononi, siyo ile kubwa ya stendi. Bonde lote lilikuwa mbele yake, lakini picha inayokumbukwa ni ya wenzake wawili.

Jioni ya Hernandez

Mwaka 1941 Wizara ya Mambo ya Ndani ya Marekani, ambayo ndiyo husimamia mbuga za taifa, ilimpa Adams kazi ya kupiga picha za ardhi za taifa. Akaanza safari ndefu kwa gari kuelekea majimbo ya kusini-magharibi. Hakwenda peke yake. Alimchukua mwanawe Michael, mwenye miaka 8, na rafiki yake wa tangu 1923, Cedric Wright.

Tarehe 1 Novemba walishinda katika bonde la mto Chama, New Mexico. Siku haikuwa nzuri. Adams alihangaika na picha ambazo hazikukubali, mwishowe wakaamua kurudi mjini Santa Fe. Wakiwa barabarani, kushoto kwao wakaona kijiji kidogo cha Hernandez: kanisa, nyumba za udongo, makaburi yenye misalaba myeupe. Nyuma ya kijiji kulikuwa na milima yenye theluji na mkanda wa mawingu. Juu ya yote, mwezi uliokuwa umebakiza siku chache kujaa. Jua lilikuwa linazama upande wa pili, na mwanga wake wa mwisho ulikuwa bado umekamata ile misalaba.

Adams alisimamisha gari kando ya barabara na kuanza kuwapigia kelele wenzake: huyu alete stendi, yule alete filamu, mwingine atafute kipima mwanga. Mtu mzima na mtoto wakawa wanapekua mizigo. Kamera ikasimama, lenzi ikafungwa, filta ikawekwa. Kipima mwanga hakikuonekana.

Hapa ndipo palipokuwa na hatari. Kamera za wakati huo hazikujipangia kitu. Mpiga picha alipaswa kujua mwanga ni kiasi gani, kisha aamue lenzi ifunguliwe kwa upana gani na kwa sekunde ngapi. Ukikosea, picha inaungua au inakuwa giza. Bila kipima mwanga ni sawa na kutia chumvi gizani.

Lakini Adams alikuwa amesoma na kurudia. Miaka michache kabla, yeye na mwalimu mwenzake Fred Archer walikuwa wametengeneza utaratibu wa kugawa mwanga wote wa picha katika ngazi 11, kutoka weusi kabisa hadi weupe kabisa, ili mtu aamue mapema kila kitu kitaangukia ngazi ipi. Katika haraka ile akakumbuka kipimo cha mwangaza wa mwezi, kama mpiga piano anavyokumbuka wimbo bila karatasi. Akahesabu kichwani, akaupa mwezi ngazi yake, akafungua lenzi kwa sekunde moja.

Akageuza kishikio cha filamu ili apige ya pili ya akiba. Kabla hajawahi, mwanga ukatoka kwenye misalaba. Jua lilikuwa limezama. Ikabaki picha moja tu.

Kwa nini mwezi wa simu huungua

Tusimame kidogo hapa, maana jambo hili linatuhusu. Mwezi una mwanga mwingi, kwa sababu unapigwa na jua moja kwa moja, wakati ardhi jioni imeanza kuwa giza. Simu ikiachwa ijiamulie, inaona giza jingi na kidoa kimoja cheupe, basi inaongeza mwanga ili ardhi ionekane. Mwezi unaungua. Adams alifanya kinyume. Alianza na mwezi, akaulinda, akakubali ardhi iwe na giza.

Na ninyi mnaweza kufanya hivyo. Katika simu nyingi, gusa mwezi pale unapoonekana kwenye kioo, kisha shusha mwangaza kwa kidole kabla ya kupiga. Utashangaa. Na piga mapema, jua likiwa ndiyo kwanza linazama, kabla ardhi haijawa giza kabisa.

Kazi ya Adams haikuishia barabarani. Ile sehemu ya chini ya picha, penye kijiji, ilikuwa na mwanga kidogo mno, na kuisafisha ilikuwa kazi ngumu. Mwaka 1948 aliitia filamu yenyewe dawa ya kuikoleza sehemu hiyo. Miaka ilivyokwenda alizidi kuifanya anga iwe nyeusi zaidi. Katika maisha yake alisafisha nakala zaidi ya 1,300 za picha hiyo moja kwa mkono wake. Mwaka 1981 nakala moja iliuzwa mnadani kwa dola 71,500.

Ardhi, na gharama ya nyumbani

Picha zake zilifanya kazi nyingine pia. Mwaka 1936 Sierra Club ilimtuma Washington kuwaonyesha wakubwa picha za milima ya Kings Canyon, chama kikiomba eneo hilo lilindwe. Mwaka 1938 kitabu chake cha picha za milima hiyo kilifika mikononi mwa waziri mhusika na kikamfikia Rais Franklin Roosevelt. Mwaka 1940 Kings Canyon ikawa hifadhi ya taifa. Wengi walipigania jambo hilo, lakini picha zilizoanza kama kumbukumbu za safari ya kundi zilikuwa na sehemu yake.

Hatutasema maisha yake yalikuwa mandhari mazuri tu. Mtu anayeishi safarini kuna mahali anakosekana. Kwa miezi mingi Adams hakuwa nyumbani. Virginia, aliyerithi studio ya baba yake mwaka 1936, ndiye aliyeendesha biashara Yosemite huku akilea watoto wawili, Michael na Anne. Mwaka 1937 moto ulipozuka katika chumba cha kusafishia picha, filamu nyingi ziliteketea. Zilizosalia zina doa la jasho la mama huyo pia.

Kuwaachia wengine

Mwaka 1940 Adams aliwakusanya wapenda picha Yosemite kwa mafunzo ya pamoja, na kuanzia 1955 akayafanya kila mwaka hadi 1981. Waliokuja wengi walikuwa watu wenye kazi zao nyingine, wanaopenda tu kamera. Walitembea pamoja alfajiri, wakapiga mwamba uleule, jioni wakazitandaza picha mezani na kuambizana ukweli. Kile alichokipata kwa kundi la milimani alikirudisha kwa makundi mengine.

Naye aliendelea kusafiri. Katika majira ya majani kupukutika ya mwaka 1958, akiwa na mkewe na wasaidizi wake kaskazini mwa New Mexico, alipiga picha za miti ya aspeni yenye majani ya njano. Picha hazina rangi, lakini majani yanang'aa kama taa katikati ya msitu wa giza.

Rais Jimmy Carter alimtunuku nishani ya juu kabisa ya raia wa Marekani mwaka 1980. Ansel Adams alifariki tarehe 22 Aprili 1984 akiwa na miaka 82. Mwaka 1985 mlima mmoja ulioko mpakani mwa Yosemite ulipewa jina lake. Rafiki yake Cedric Wright, aliyefariki mwaka 1959, naye ana mlima wenye jina lake katika Sierra Nevada ileile.

Tarehe aliyoisahau

Tumalizie na jambo moja dogo. Mtu huyu aliyekumbuka mwangaza wa mwezi kwa kichwa hakuwahi kukumbuka vizuri siku aliyoipiga picha ya Hernandez. Mara aliandika 1940, mara 1941, mara 1944. Ilibidi wanaastronomia waifanyie kazi, wakipima mahali mwezi uliposimama angani na mahali kamera ilipowekwa. Hesabu ya kwanza ilitoa 31 Oktoba 1941. Mwaka 1991 mtaalamu mwingine, Dennis di Cicco, aliirekebisha: ni tarehe 1 Novemba 1941, saa 10 na dakika 49 jioni. Adams mwenyewe alikuwa amefariki miaka 7 kabla.

Kwa hiyo, mpenzi msikilizaji, utakapotoka na wenzako kupiga picha ya shamba, ya mto, au ya kilima cha kwenu, andika tarehe na mahali. Andika na majina ya mliokuwa nao. Hernandez tunayo misalaba na mwezi kwenye picha, lakini aliyepekua mizigo na aliyeleta stendi hawaonekani. Tunawajua kwa sababu mtu alisimulia.